Amri ya Tisa na Viwanja vya Dodoma

Kila mwaka tunapowafundisha watoto wa kipaimara hapa Ihumwa, hufika siku mtoto mmoja akauliza swali lile lile. Shuleni anakaa dawati moja na mwenzake wa Kianglikana, wamelinganisha Amri Kumi, na hesabu zao hazilingani. Majirani zetu Waanglikana, ambao ni wengi kuliko sisi huku Ugogo, huziweka tamaa zote katika amri moja ya mwisho: nyumba ya jirani, mke wake, mtumishi wake na ng'ombe wake. Sisi Walutheri, kwa hesabu aliyoifuata Luther katika Katekisimu Ndogo, tunaitenga nyumba. Nyumba ya jirani ina amri yake yenyewe, ya tisa. Tena maelezo ya Luther hapo hayamhusu mwizi anayevunja mlango usiku, kwa sababu huyo amekwisha kukemewa katika amri ya saba. Yanamhusu mtu anayeipata nyumba au urithi wa mwenzake kwa hila, huku kwa nje akionekana ana haki. Kwa lugha ya leo tungesema ni mtu mwenye karatasi.

Kwa miaka mingi tulihubiri rushwa ya nyumba na viwanja kana kwamba ni ugonjwa wa moyo tu. Mtu akitubu, basi imekwisha. Toba ni lazima, hatuiondoi. Lakini historia ya mji huu imetulazimisha kuona jambo jingine, kwamba ofisi yenyewe inaweza kupangwa kwa namna inayomjaribu kila anayeketi ndani yake, na kila anayesimama mlangoni.

Turudi mwaka 1973. TANU iliamua makao makuu ya nchi yatoke Dar es Salaam yaje Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi tuliijua kwa herufi tatu, CDA. Wataalamu kutoka Toronto, Kanada, walichora mpango wa mji mpya, ukakamilika 1976. Ulikuwa mpango mzuri kuutazama. Ila ndani ya mipaka yake walikuwamo watu, Wagogo waliokuwa wamehamishwa mara moja tayari, miaka michache kabla, wakati wa Operesheni Dodoma, kutoka kaya zao zilizotawanyika na kuingia vijiji vya pamoja. Sasa shamba la uwele la babu likaitwa eneo la mpango.

Tuangalie CDA ilikabidhiwa nini. Ilipanga mji na kuupima. Ardhi ya eneo la makao makuu ilikuwa chini yake, hivyo ikawa pia ndiyo mwenye ardhi, na mwananchi alipewa mkataba wa miaka 33, wakati kwingineko nchini hati zinafika miaka 99. Iligawa viwanja, ilipokea malipo yake, ilitoa vibali vya ujenzi, na ilibomoa nyumba zilizojengwa bila kibali. Pembeni ilikuwapo halmashauri yenye madiwani waliochaguliwa na wananchi, lakini mwananchi akimwendea diwani wake kuhusu kiwanja, diwani naye alimwelekeza CDA. Aliyeona ameonewa na meza ya kwanza alipeleka malalamiko kwenye meza ya pili katika jengo lile lile.

Hatusemi walioiunda walikuwa na nia mbaya. Walitaka mji ujengwe haraka, na waliogopa mlolongo wa ofisi nyingi. Wala hatusemi watumishi wake wote walikuwa wala rushwa. Tuliwafahamu waliokuwa waadilifu, wengine tukashiriki nao Meza ya Bwana. Tunasema tu kwamba mpimaji, mgawaji, mpokea fedha na mwamuzi walipokuwa nyumba moja, hapakuwa na jicho la pili. Na ambapo jicho la pili halipo, kiwanja kimoja huweza kupata barua mbili za wenyewe wawili, na kila mmoja akaambiwa arudi kesho.

Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA. Kazi zake zikapelekwa Manispaa ya Dodoma, na ikaagizwa mikataba ya miaka 33 igeuzwe hati za miaka 99. Wengi walifurahi, na sisi tulifurahi nao. Mwaka uliofuata Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, jirani zetu hapa, na ardhi ya Ihumwa ambayo hakuna aliyeitamani isipokuwa mwenye jembe ikaanza kuulizwa na watu wanaoshuka kwenye magari. Majalada yalikuwa yamehama pamoja na migogoro yake. Malalamiko ya kiwanja kimoja kwa watu wawili hayakuzikwa na CDA.

Habari hii si ya Dodoma peke yake, wala si ya ardhi tu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 ili mtu wa kipato kidogo apate pa kuishi. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika. Kodi ziliwekwa chini kwa ajili ya mnyonge. Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba ina kodi halali ya shilingi 20,000 kwa mwezi, lakini mtaani watu wako tayari kulipa 100,000. Zile 80,000 za katikati zimelala chini, na atakuja mtu kuziokota. Ataziokota mpangaji anayempangisha mwenzake kwa siri, au atazigawana na yule mwenye orodha ya wanaosubiri. Ndipo watu wakalizoea neno kilemba, fedha anazodaiwa mtu ili aachiwe chumba au duka ambalo aliyepo si lake. Orodha ya wanaosubiri ingebandikwa ukutani, kila mtu angejua nani wa kwanza na nani wa mia. Ikifungiwa kabatini, ufunguo wa kabati huwa na bei.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiona jambo hili mapema kuliko sisi wahubiri. Lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, maana anayeamua bei ya nyumba za watu asiwe naye anauza. Sharti hilo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Tume ya Jaji Warioba ilipotoa taarifa yake mwaka 1996 ilitofautisha rushwa ya mtu anayetafuta kujikimu na rushwa ya mkubwa mwenye tamaa, na sekta ya ardhi ilikuwamo katika maeneo yaliyotajwa. Kisha kuanzia mwaka 2002, mwaka ulioundwa Wakala wa Majengo, maelfu ya nyumba za serikali ziliuzwa, nyingi kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Uuzaji ule ulikuwa na baraka za serikali, na wanunuzi walikuwa na karatasi zao. Lakini aliyekuwa karibu na meza ya uamuzi alikuwa pia karibu na nyumba. Lawama iliyosikika baadaye ni kwamba watumishi wapya waliishia kulazwa hotelini kwa fedha ya umma kwa sababu nyumba hazipo.

Hapa Dodoma hatuhitaji kumweleza mtu shamba la mizabibu ni nini. Basi tulisome tena la Nabothi, 1 Wafalme 21, tukitafuta ofisi badala ya moyo. Ahabu alikuwa na tamaa, lakini tamaa ilimlaza kitandani tu, akakataa kula. Shamba lilichukuliwa pale Yezebeli alipoandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji. Wazee wakatangaza mfungo. Mashahidi wakaketishwa, tena wawili kama torati inavyotaka. Kila hatua ilikuwa na utaratibu wake. Mzee mmoja tu wa mji ule angeuliza barua hii inatoka wapi, Nabothi angelala nyumbani siku hiyo.

Sasa twende Shilo, Yoshua 18. Makabila saba hayajapata urithi. Yoshua anaagiza kila kabila litoe watu watatu, wapite katika nchi na kuiandika katika kitabu kwa mafungu saba. Wapimaji hawakugawa. Walirudi na kitabu, na kura ikapigwa mbele za Bwana, mlangoni pa hema ya kukutania, watu wakiona. Na Yoshua mwenyewe alipata mji wake, Timnath-sera, baada ya wengine wote kumaliza. Tumesoma kifungu hiki chuoni tukabishana kuhusu mipaka ya makabila, na hatukumbuki mtu yeyote kati yetu aliyeuliza kwa nini kiongozi alikuwa wa mwisho.

Tunaandika haya tukiwa hatuna mikono safi. Usharika wetu uliwahi kuomba kiwanja kwa ajili ya mtaa mpya katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Tulizungushwa karibu miaka miwili. Faili halionekani, mhusika yuko safari. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mtu anayetoa zaka bila kukumbushwa, akasema jambo hili linahitaji usafiri kidogo. Tulimwelewa. Mchungaji alielewa, na hakusema neno. Mtunza hazina akaandika "usafiri" katika daftari, na wiki ya pili faili likaonekana.

Tulipokwenda kuonyeshwa mipaka, bibi mmoja alitufuata na karatasi iliyokunjwa katika mfuko wa nailoni. Tukamwamkia, akaitikia, akaifungua. Ilikuwa barua ya kiwanja kile kile, yenye tarehe ya miaka mingi kabla ya yetu. Akasema, "Baba mchungaji, nanyi pia?"

Hatujajenga. Baraza la wazee limegawanyika. Wako wanaosema karatasi yetu ni halali na ina muhuri, na wako wanaosema hata barua za Yezebeli zilikuwa na muhuri. Tumeandika kuomba barua zote mbili zichunguzwe, na bibi amepewa nakala. Msimu huu amepanda uwele pale. Mtunza hazina ameuliza mstari ule wa "usafiri" auandike vipi sasa. Tumemwambia aandike kilichotokea na kiasi kilichotoka, na usomwe katika mkutano mkuu wa usharika pamoja na mapato na matumizi mengine ya mwaka.