Sheli na Usanifu Wake

Huku Ngara, ukiulizia sheli utaelekezwa kituo cha mafuta. Kwenye kompyuta, sheli ni programu inayopokea amri unazoandika. Zilipozidi kuwa nyingi, kila moja na lahaja yake, wataalamu waliweka usanifu: POSIX, 1988; sehemu ya sheli ikafuata 1992. Kiswahili nacho kilisanifiwa hivyo kwa msingi wa Kiunguja, chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930.

Je, sheli zinatii? Bash, ya 1989, inatii kwa sehemu kubwa, ila inaongeza misemo yake. Ukitaka itii zaidi, uiamuru. Kwenye Linux nyingi, aliyeita sh alipewa bash, basi watu wakadhani misemo ile ni ya wote. Mwaka 2006 Ubuntu ikaikabidhi nafasi hiyo dash, sheli nyepesi inayofuata usanifu. Skripti kadhaa zikakwama. Dash haikukosea; mazoea ndiyo yaliumbuka.

Sokoni Bukiriro Kihangaza kinatosha kabisa. Barua ya Dodoma, hapana. Kwako tumia bash upendavyo. Skripti inayosafiri iandike kwa lugha sanifu.