Mwamuzi akipendelea: funzo kutoka Burundi

Ninyi familia mliokimbia makwenu, na ninyi wazee na machifu mnaowapokea hapa Bukavu, leo tuvuke Ruzizi, tutazame jinsi ufalme wa jirani zetu ulivyoanguka.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Mwami Mwambutsa wa Nne alikuwa kwenye kiti tangu 1915. Alikuwa Muganwa, na Baganwa hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Nguvu yake ilikuwa hiyo: wenye ugomvi walimwona mwamuzi. Mwanawe, Louis Rwagasore, aliunganisha pande zote katika chama cha UPRONA, kikapata viti 58 kati ya 64 Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba akapigwa risasi, akafa. Pengo lake halikuzibika.

Januari 1965 akauawa waziri mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu. Mei watu wakapiga kura. Wahutu wakapata viti 23 kati ya 33. Mwami hakuijali kura hiyo. Akamteua Léopold Biha, mtu wake wa karibu, kuwa waziri mkuu. Oktoba maofisa Wahutu wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa. Watutsi wakauawa Muramvya. Kisha viongozi Wahutu wakauawa kwa kisasi. Mwami akaenda Ulaya, asirudi tena.

Julai 1966 mwanawe mwingine, Charles Ndizeye, kijana wa miaka 18, akamwondoa, na Septemba akatawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Lakini jeshi lilikuwa mikononi mwa waziri mkuu wake, kapteni Michel Micombero. Novemba 28, Ntare akiwa Kinshasa, Micombero akatangaza jamhuri. Ntare aliporudi mwaka 1972 aliuawa Gitega. Mwaka huo damu nyingi ilimwagika, na Warundi wengi wakavuka mipaka kukimbia.

Mnaona, ndugu zangu? Mwamuzi alipoikataa sauti ya watu, kila upande ulitafuta mwamuzi mwingine. Wakamkuta: bunduki.

Basi wewe chifu, unapogawa unga wa msaada au kuamua shauri la shamba, wote wanautazama mkono wako. Usimjazie kipimo wa ukoo wako na kumpunguzia mgeni. Nawe baba, nawe mama uliyekimbia, shauri likiamuliwa kwa haki, hata ukishindwa, likubali. Amani yetu huanzia hapo.