Dhahabu Iliyobaki Mchangani: Zebaki, Sianidi na Mlango wa Zaka ya Madini

Wanafunzi wetu wanapofika mlango wa ma'din na rikaz katika vitabu vya fiqhi huupita haraka, kana kwamba ni habari za watu wa Hijaz peke yao. Lakini huku kwetu Geita na kandokando ya Ziwa Victoria wapo Waislamu wanaochenjua dhahabu, na haki ya mafakiri imo mikononi mwao.

Kutoa dhahabu kwa maji na dawa si jambo geni kwa maulamaa wetu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 362 Hijria (973 Miladia), ameeleza katika kitabu chake al-Jamahir jinsi watu wa mto Sindh walivyochimba vishimo chini ya maji wakavijaza zebaki, mkondo ukapita juu yake na chembe za dhahabu zikanaswa. Ama maji makali yanayoyeyusha dhahabu yenyewe, ambayo wengi hupenda kumnasibishia Jabir bin Hayyan, maelezo yake ya wazi yamo katika vitabu vya Kilatini vya takriban mwaka 1300 vilivyobandikwa jina lake. Tusijipambe kwa kisichothibiti. Ya al-Biruni yanatosha.

Zebaki haimalizi kazi. Dhahabu nyingi hubaki katika mchanga ambao wachimbaji huuita marudio. Mwaka 1887 John Stewart MacArthur na madaktari wawili ndugu, Robert na William Forrest wa Glasgow, walisajili njia ya sianidi, na mwaka 1890 ikaanza kutumika Witwatersrand, Afrika Kusini. Mchanga hulowekwa katika maji yenye sianidi kidogo na chokaa. Chokaa huzuia dawa isigeuke kuwa hewa ya sumu. Dhahabu huyeyuka humo taratibu. MacArthur aliirudisha kwa zinki. Leo hunaswa kwa mkaa, mara nyingi wa vifuu vya nazi.

Sasa hukumu. Hadithi sahihi imewajibisha khumsi, yaani moja ya tano, katika rikaz. Imam Abu Hanifa aliyaingiza madini humo. Imam Shafi'i, katika kauli yake mashuhuri, aliyatenga kwa robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5. Imepokewa kwake pia kauli inayotazama taabu: kilichopatikana bila mashaka kina khumsi, na kilichohitaji kazi na moto kina robo ya ushuri. Kwa mizani hiyo, ni taabu gani kuliko marudio?

Huulizwa kama bei ya sianidi na dizeli hutolewa kwanza. Kwa Mashafi'i, gharama za kuchimba na kusafisha ni juu ya mwenye mali, hazipunguzi zaka. Wala mwaka hausubiriwi: hulipwa dhahabu ikishasafishwa na kufika nisabu, gramu 85 za dhahabu halisi. Zikitoka gramu 400, zaka ni gramu 10. (Aliyenunua marudio ya mwenzake ili afanye biashara, tunaona suala lake laelekea mlango wa zaka ya biashara.) Wengine hugawa mchanga katika matangi madogo, kila moja likatoa gramu 40 au 50, wakadhani wamesalimika. Madamu mgodi ni mmoja na kazi haikukatika, zote hujumlishwa.