Upana na Ufupi: Jinsi Muhula Ulivyojaa Kozi

Mwanafunzi wa ualimu anayesoma Kiswahili katika vyuo vyetu vya Uganda aghalabu hubeba kozi tano au sita katika muhula mmoja: mbili za Kiswahili, mbili za somo lake la pili, tuseme Historia au Luganda, na zilizobaki za elimu. Asubuhi yuko kwenye ngeli za nomino, mchana kwenye Vita vya Majimaji, jioni kwenye saikolojia ya mtoto. Wanataaluma wenzangu wengi huulaumu wingi huu wa masomo kila tunaposahihisha mitihani. Makala haya yanadai kwamba lawama hiyo imeelekezwa pasipo. Upana wa masomo na ufupi wa muhula ni mambo mawili, na katika historia ya vyuo vyetu yaliingia kwa milango tofauti.

Tuanze na upana. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya University of London, na shahada zikawa za London: masomo machache, mihadhara ya mwaka mzima, mtihani mkubwa mwishoni. Mwaka 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na fani zenye gharama zikagawanywa. Udaktari na kilimo vilikuwa Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam.

Mkuu wa chuo hicho alikuwa Julius Nyerere, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa somo moja. Shahada aliyoisomea Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952 ilikuwa ya mkondo mpana, kwa desturi ya Waskoti: fasihi ya Kiingereza, uchumi, anthropolojia, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Mtu huyohuyo akaja kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, mwaka 1963 na 1969, huku akiongoza nchi. Sidai kwamba tafsiri zile ni matunda ya ratiba ya Edinburgh, lakini ni vigumu kusema kwamba upana ulimdhoofisha.

Dar es Salaam ndiko upana ulikogeuka kuwa suala la siasa. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huohuo ukafanyika mkutano wa kujadili nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Swali lilikuwa zito: mwanasheria au mwalimu asiyejua chochote kuhusu uchumi wa wakulima waliomsomesha ni msomi wa nani? Jibu lililotokea likawa somo la pamoja, la kuvuka mipaka ya idara, ambalo baadaye lilipewa makao yake katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, iliyoundwa mwaka 1973. Tunaweza kubishana kuhusu itikadi yake. Lakini hakuna anayeweza kusema kuwa walioianzisha hawakuwa na sababu ya kielimu. Na ni katika kipindi hichohicho, mwaka 1970, ambapo Dar es Salaam ilipata Idara ya Kiswahili. Mwaka huohuo chuo cha pamoja kilivunjika, kila nchi ikabaki na chuo chake.

Ufupi ulikuja kwa njia nyingine kabisa, nao unatoka Marekani. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa fedha za pensheni kwa maprofesa. Ili chuo kistahili kuingizwa katika mpango huo, kilitakiwa kupokea wanafunzi kwa kipimo maalumu cha masomo ya sekondari: saa 120 za darasani kwa mwaka kwa kila somo. Mwaka 1910 taasisi yake ikamtumia mhandisi, Morris Cooke, kuvichunguza vyuo kama viwanda, naye akapima kazi ya chuo kwa saa za mwanafunzi. Krediti yetu ya leo ni mjukuu wa hesabu hizo. Ilikusudiwa kuhesabu; haikutokana na utafiti wa namna mtu anavyojifunza.

Kwetu mambo haya yalifika katika miaka ya 1990. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na katika muongo huo mihula mitatu ya mwaka ikaachwa na semista mbili zikashika nafasi. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu mageuzi hayo, ameeleza jinsi idara zilivyogombania wanafunzi kwa kubuni kozi. Krediti moja ni saa 15. Kozi ya krediti tatu ni saa 45, kisha mtihani, kisha kusahau. (Neno muhula lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni muda wa nafuu anaopewa mtu. Wanafunzi wetu watacheka.)

Kozi ya historia huweza kustahimili saa 45. Lugha haiwezi, hasa kwa Mganda anayeanza Kiswahili akiwa na miaka ishirini. Upatanisho wa kisarufi unakaa mdomoni baada ya miezi mingi ya kurudiarudia, na likizo ndefu ikikatiza, tunaanza upya tukiwa na namba mpya ya kozi. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, walimu hawa ndio wanaosubiriwa.

Pendekezo la kuwapunguzia somo la pili, ambalo limesikika hata katika idara yetu, litawapa saa chache zaidi na kuwanyima Historia. Kinachohitajika ni stadi za kuzungumza na kuandika zifundishwe mfululizo kwa semista mbili, na alama zitolewe mwishoni mwa mwaka. Saa 15 za krediti zinaweza kuhesabiwa vilevile kwa mpangilio huo.