Wasiwasi

“Wasiwasi ndio akili,” husema watu, na ni kweli kwa anayekagua komeo mara moja kabla ya kulala. Lakini hapa Mandewa, Singida, namfahamu mama mmoja anayerudi kushika kufuli mara saba, mara nane, hadi kidole gumba kimechubuka, huku akijua fika kwamba mlango umefungwa. Anajua, ila moyo hautulii. Wasiwasi ule si akili, wala si wazimu. Ni maradhi.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, waswas: mnong’ono wa ndani unaojirudia. Limo katika sura ya 114 ya Kurani, na mashehe wanawajua wenye wasiwasi wa udhu, wasiomaliza kutawadha. Hadi leo Waarabu huuita ugonjwa huu waswas unaolazimisha. Sisi tukalegeza maana, likawa hofu yoyote: ya mtihani, ya mvua, ya ada. Basi mgonjwa akisema “nina wasiwasi”, tunamjibu “ondoa wasiwasi”. Hilo ndilo asiloliweza!

Ugonjwa huu unatibika, kwa dawa na kwa mazoezi ya kuvumilia hofu bila kurudia kitendo. Ukimwona mwenzio hivyo, usimcheke, msindikize hospitali.