Mpira wa Barry Bonds: Historia ya Migogoro ya Umiliki katika Besiboli

Mpira wa besiboli wenyewe ni kitu cha bei ndogo: kiini kilichozungushiwa nyuzi na kuvishwa ngozi nyeupe, kikashonwa kwa mishono 108 ya uzi mwekundu, chenye uzito wa takribani gramu 145, na ambacho katika mechi moja hubadilishwa mara nyingi. Hapo awali klabu za Marekani zilihesabu kila mpira kuwa mali yao na kuwataka watazamaji waurudishe. Charles Weeghman, mmiliki wa Chicago Cubs, anatajwa kuwa wa kwanza kuwaachia mashabiki, mnamo 1916, mipira iliyoangukia majukwaani, na mwaka 1921 mtazamaji aliyefukuzwa katika uwanja wa Polo Grounds, New York, kwa kukataa kurudisha mpira, aliishtaki klabu ya Giants akalipwa dola 100. Desturi hiyo ilipokwisha kuenea ndipo ilipopata sura ya kisheria: mpira ulio mchezoni ni mali ya ligi, lakini ukivuka uzio kwa pigo la mchezaji unakuwa mali iliyoachwa kwa makusudi na mwenyewe, na mmiliki wake mpya ni mtu wa kwanza kuutia mkononi.

Kanuni hiyo haikuleta taabu maadamu mpira haukuwa na soko. Roger Maris alipopiga pigo lake la 61 la kuvusha uzio mwaka 1961, na kuvunja rekodi ya Babe Ruth ya mapigo ya aina hiyo katika msimu mmoja, kijana wa miaka 19 aliyeudaka mpira huo alipewa dola 5,000 na mwenye mgahawa wa California. Mpira wa pigo la 70 la Mark McGwire, la mwaka 1998, ulinunuliwa mnadani mwezi Januari 1999 na Todd McFarlane, mchoraji na mchapishaji wa vitabu vya katuni, kwa takribani dola milioni 3. Tangu siku hiyo majukwaa ya nyuma ya uzio yalijaa watu waliokuja na glavu si kwa mapenzi ya mchezo pekee, na ligi ilikuwa tayari imeanza, mwaka 1998, kutia alama za siri kwenye mipira ili wa kweli uweze kutofautishwa na wa kughushi.

Mnamo tarehe 7 Oktoba 2001, katika uwanja wa Pacific Bell Park, San Francisco, Barry Bonds alipiga pigo lake la 73 la msimu, na mpira ukatua katika glavu ya mtazamaji Alex Popov, ukanasa kwenye wavu ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kabla hajasimama imara alivamiwa na umati, akaangushwa kifudifudi, akakandamizwa na kupigwa, na mpira ukamtoka. Patrick Hayashi, ambaye naye alikuwa ameangushwa chini na msukumano huohuo, aliuona ukiwa umelala peke yake, akauokota na kuutia mfukoni, na hakuunyanyua mbele za watu mpaka kamera ya televisheni ilipomwelekea. Mkanda wa kamera hiyo, uliotazamwa tena na tena mahakamani, ulionyesha mpira ukiingia kwenye glavu, lakini haukuonyesha kama Popov angeweza kuudhibiti laiti asingevamiwa.

Popov alipomshtaki Hayashi, mahakama ya San Francisco ilirejea mashauri ya kale ya uwindaji, likiwamo lile la New York la mwaka 1805, Pierson dhidi ya Post, lililoamua kwamba kumfukuza mbweha hakumfanyi mwindaji kuwa mwenye mali mpaka awe amemkamata au amemjeruhi kiasi cha kutoweza kuponyoka, pamoja na mila za wavuvi wa nyangumi, ambazo mahali pengine zilimpa nyangumi yule aliyemchoma chusa kwanza. Jaji Kevin McCarthy aliamua kwamba mdakaji hana umiliki kamili mpaka mwendo wake na wa mpira umekoma naye angali ameushikilia, ila aliongeza jambo lililo kiini cha hukumu nzima: mtu aliyechukua hatua kubwa za kuipata mali iliyoachwa, akakatizwa na vitendo haramu vya wengine, ana haki fulani inayotangulia umiliki, na haki hiyo hulindwa na sheria. Kwa kuwa Hayashi hakutenda kosa lolote, madai ya wote wawili yalihesabiwa kuwa sawa, na tarehe 18 Desemba 2002 iliamriwa kwamba mpira uuzwe na fedha zigawanywe nusu kwa nusu.

Wapo waliouona uamuzi huo kuwa ni suluhu ya woga, lakini lawama hiyo haina msingi. Kumpa Hayashi mpira wote kungekuwa kuhalalisha kwamba nguvu ya umati inaweza kuhamisha mali, na kumpa Popov wote kungekuwa kumwadhibu mtu asiye na hatia kwa jambo ambalo hakuna ushahidi ulioweza kulithibitisha.

Soko halikuwangoja Popov na Hayashi. Mpira uliokadiriwa kuzidi dola milioni 1 ulinadiwa mwezi Juni 2003 kwa dola 450,000, na mnunuzi alikuwa McFarlane yuleyule, kwa maana rekodi ya McGwire, iliyovunjwa na Bonds miaka mitatu tu baada ya kuwekwa, ilikuwa imeonyesha kwamba rekodi mpya nayo huenda isidumu. Wakili wa Popov alidai ada ya zaidi ya dola 473,000, yaani kiasi kilichozidi bei hiyo ya mnada.

Hata hivyo, funzo la gharama hizo halikuzuia mashauri mapya. Mpira ambao Shohei Ohtani alitimiza nao mapigo 50 ya kuvusha uzio mjini Miami mnamo Septemba 2024, katika msimu uleule aliokuwa pia ameiba vituo 50, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kusubiri mpira upigwe, ulifikishwa mahakamani na kijana aliyedai kunyang'anywa jukwaani. Ulinadiwa mwezi uliofuata kwa dola milioni 4.392, shauri likiwa bado halijaamuliwa.