Nasaba ya Mkulima na Nasaba ya Mbegu: Habari za Wendelin Grimm

Uchunguzi wa nasaba ya mkulima mhamiaji huanzia kwa kawaida katika karatasi: daftari la ubatizo, orodha ya abiria wa meli, hati ya shamba. Karatasi hizo hueleza mtu alizaliwa wapi, alimwoa nani na alifariki lini. Ujuzi aliokuwa nao ni nadra kuandikwa humo. Upungufu huu waonekana wazi katika habari za Wendelin Grimm, mkulima wa Kijerumani aliyehamia Minnesota, nchini Marekani.

Grimm alizaliwa mwaka 1818 katika mji mdogo wa Külsheim, katika dola ya Baden. Mwaka 1857 alihama pamoja na mkewe Juliana na watoto wao, akanunua shamba katika wilaya ya Carver. Miongoni mwa mizigo yao mlikuwa na mfuko wa mbegu zisizozidi ratili 20. Zilikuwa mbegu za majani ya malisho ya jamii ya kunde, ambayo katika Kijerumani cha kwao yaliitwa ewiger Klee, yaani klova ya milele. Wasomi wa kilimo wa Marekani waliyajua kwa jina la alfalfa, neno lenye asili ya Kiarabu lililopitia Kihispania. Mmea ulikuwa mmoja, lakini majina hayo mawili yalikuwa ya walimwengu wasiozungumza pamoja.

Mwaka 1858 Grimm alizipanda mbegu zake. Baridi ya Minnesota ni kali kupita ile ya Baden, na mimea mingi ikafa. Yeye alivuna mbegu za ile iliyosalia, akazipanda tena, akaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka hata akapata malisho yaliyostahimili baridi. Majirani wakapata mbegu kwake, na sifa zake zikaenea kwa mdomo. Grimm alifariki mwaka 1890, wasomi wakiwa bado hawajatambua kazi yake. Ilikuwa kiasi cha mwaka 1900 ndipo mwalimu wa shule Arthur Lyman, ambaye jamaa zake waliipanda mbegu hiyo, alipompasha habari Willet Hays wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Baadaye mbegu hiyo ikaitwa Grimm na kupandwa katika majimbo mengi ya baridi.

Hapa lazuka swali la haki: ni nani aliyeiumba mbegu hiyo? Wako wanaomtaja Grimm peke yake. Wengine hukumbusha kwamba mmea huo ni chotara wa aina ya maua ya zambarau na aina ya maua ya manjano, na kwamba uchotara huo ulikwishatokea Ulaya kabla ya safari. Baridi ya Minnesota ilichuja tu kilichokuwamo. Hoja hii ya pili ina uzito, lakini haiondoi ya kwanza. Baridi huua, haivuni wala haipandi tena. Lau Grimm angekata tamaa baada ya hasara za mwanzo, mabaki yale yangetoweka. Hata hivyo, mnara uliosimamishwa shambani pake mwaka 1924 wamtukuza mtu mmoja, nao wakulima wa Baden waliomtangulia kuitunza mbegu hiyo hawana mnara.

Kwa hiyo nasaba ya mbegu ni ndefu kuliko nasaba ya mwenye kuibeba, na ufunguo wake mara nyingi ni jina la kienyeji. Mtafiti atafutaye neno alfalfa katika nyumba za wahamiaji wale angepita mlangoni pasipo kujua; asikiaye ewiger Klee angekaribishwa ndani. Wahenga walisema: mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Katika habari hii, hata mkulima hakuwa mmoja.